Auma Hakugusa Mlango

Usinikatize. Nikikatizwa husahau nilipofika, na kisa hiki ukikiruka hatua moja utadhani nimekitunga. Sikukitunga. Nimekuwa askari jela karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na kazi hiyo humfundisha mtu kutoamini mambo ovyo ovyo. Nimedanganywa asubuhi na jioni na watu waliokuwa na muda wa kutosha wa kuupanga uongo wao. Kwa hiyo nikikwambia kwamba mwanamke aliyekufa alinitoa kazini mchana kweupe, tukatembea pamoja mpaka Mashimoni, kule ndani ya Kibera, mimi nikimgombeza njia nzima, nisadiki. Na kama hunisadiki, shahidi wangu yuko hapo jikoni anapika chai. Ni binti yangu. Nitakueleza nilivyompata.

Kwanza ujue jela ni kitu gani, maana watu wa nje hudhani ni kufuli na rungu. Jela kubwa ni nyumba yenye midomo mingi. Ukiamka unafikiria unga. Unafikiria kuni, maji, sabuni, nani anaumwa, nani anakwenda kortini na kama gari lina mafuta, nani na nani wasilale wadi moja kwa sababu wameapa kung'oana nywele. Mimi nilikuwa sajini katika jela ya wanawake, jina lake sitalitaja, na wadi yangu ilikuwa ya wafungwa wenye watoto wachanga. Mtoto anaruhusiwa kukaa na mamake ndani mpaka akaribie kwenda nasari. Kwa hiyo juu ya unga na kuni mimi nilikuwa na maziwa, nepi, surua, na vita vya nani amelaza wake karibu na dirisha.

Siku yetu ilianza kwa kaba na kuisha kwa kaba. Kaba ni kuhesabiwa. Afande akiita, wafungwa wote wanachuchumaa watano watano, mstari nyuma ya mstari, mpaka hesabu ikubaliane na ya lango. Isipokubaliana hakuna anayekula, hata sisi. Watoto hawakuhusika na kaba, wao walikuwa na hesabu yao. Lakini wewe umewahi kuona mtoto asiyeiga mamake?

Akoth ndiye aliyeiga kuliko wote. Alizaliwa mle ndani siku ya mvua kubwa, ndiyo maana akaitwa hivyo, maana koth kwa Kijaluo ni mvua, na mamake alikuwa Auma. Auma aliletwa kwetu akiwa na mimba, kwa kosa ambalo sitakuambia kwa sababu alilitumikia likaisha. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kikohozi kisichokwisha, na mcheshi ukimzoea. Nikiita kaba, Auma alichuchumaa, na Akoth alikuja mbio kutoka kokote alikokuwa, akachuchumaa kushoto kwa mamake, akashika upindo wa kunguru yake. Kunguru ndiyo ile nguo ya mistari wanayovaa wafungwa. Alishika hivyo kwa vidole viwili, akaniangalia kwa makini kabisa nikipita nikihesabu. Nikimaliza anasimama ananifuata nyuma, mikono mgongoni, akitembea ninavyotembea mimi. Wadi nzima ilimwita Sajini Mdogo. Mkubwa wetu wa jela, mwanamke aliyecheka mara chache, akimwona alilazimika kugeuka upande.

Kuna jambo jingine ambalo utalijua tu ukifanya kazi hii. Mtu akikaa ndani miaka, mkono wake husahau mlango. Mfungwa hafungui mlango wowote. Anasimama kando, anamngoja mwenye funguo. Siku ya kutoka unamkuta amesimama mbele ya lango lililo wazi kabisa, na barabara anaiona, na hatoki. Nimeona wanawake wakali kama simba wakisimama hivyo. Auma naye alisimama hivyo siku aliyoachiliwa, wiki chache kabla ya ile Krismasi ya uchaguzi. Alikuwa amevaa gauni la kijani kibichi, mtumba tuliopewa na akina mama wa kanisa, na Akoth alikuwa amemshika mkono. Nikamwambia, "Auma, liko wazi. Tembea." Akacheka, akaona haya, akatembea. Akoth alipofika katikati ya lango akachuchumaa, kwa sababu kwake lango lilikuwa mahali pa kuhesabiwa. Nikamwambia hapana, leo huhesabiwi. Akanitazama kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Nililia siku hiyo. Nilijifungia stoo ya blanketi nikalia, kisha nikatoka nikamgombeza mtu kuhusu sabuni.

Basi uchaguzi ukaja, na yaliyotokea baada ya matokeo, makabila kuwindana na nyumba kuchomwa, unayajua, sina haja ya kukusimulia. Kuna walioyaona kwenye televisheni na kuna walioyanusa. Sisi tuliyanusa. Askari wengi wetu tulikuwa tunapanga nje, Kibera na Kawangware, kwa sababu nyumba za kazini hazikutosha. Waliokuwa nje hawakuweza kuingia, na tuliokuwa ndani hatukuweza kutoka. Mimi nilikuwa ndani. Mume wangu, Mutua, fundi wa mawe, alikuwa Kawangware peke yake, simu yake haipatikani, na kadi za simu zilikuwa zimekwisha madukani. Lori la chakula halikuja. Mkubwa wetu alivua kofia akasonga ugali mwenyewe, na sufuria za jela si za mchezo. Wafungwa walikuwa na watu wao huko nje, na kila moshi ulipopanda mtu alilia, mwingine akamtazama kwa jicho baya, nikawa ninalala kwenye benchi katikati ya wadi ili wasirukiane. Na katikati ya hayo yote, niamini, nilikuwa nikimwaza yule mtoto. Alikuwa hajawahi kuona hata mbwa. Nani angemweleza bunduki?

Sasa sikiliza.

Watu hudhani wafu hungoja usiku. Huyu alikuja alasiri, jua likiwaka. Nilikuwa nimesimama nje ya lango na mwenzangu tukilitazamia lile lori. Ng'ambo ya barabara, karibu na nguzo ya stima, nikamwona Auma. Gauni lile lile la kijani, mkononi mtungi wa plastiki wa maji, wa manjano, usio na kifuniko. Alikuwa ananipungia mkono, ule upungaji wa mtu anayeogopa kuita kwa sauti.

Nilishangaa, na si kwa sababu unayoifikiria. Mwanamke akishatoka kwetu hasogei karibu na lango lile tena. Wengine wakipita kwa gari hugeuza shingo. Nikavuka barabara nikiwa nimeshakasirika.

"Auma, umerudi kutafuta nini hapa?"

"Madam, Akoth hataki kutoka kwa nyumba." Sauti yake ilikuwa chini, kavu, kama ya mtu mwenye homa. "Wamemuita wote amekataa. Kuja umuite wewe."

"Na wewe mamake?"

"Mimi hanisikii."

Nikamuuliza nyumba iko wapi. Mashimoni. Nikauliza kama ni kweli kule kunachomwa. Akasema bado hawajafika kwake, lakini watafika. Basi. Wewe ungefanya nini? Nilikuwa na wadi, nilikuwa na zamu, na nilikuwa na kiapo. Nilimwambia mwenzangu naenda nyuma mara moja, nikachukua leso yangu nikajifunga juu ya sketi ya kazi, nikavaa sweta juu ya shati, nikaenda. Sikuomba ruhusa. Ningeomba ningenyimwa, na ningenyimwa kwa haki.

Tulitembea. Yeye alikuwa kushoto kwangu, nyuma kidogo, vile mfungwa anavyotembea na askari. Nilimwambia atembee karibu nami kama mtu huru, akasogea, kisha akarudi nyuma tena. Nikaanza kumgombeza, maana nikiogopa huwa ninagombeza. Kwa nini hukutafuta njia ya kwenda kwenu mapema? Huyo mtoto amekula nini? Hicho kikohozi ulikipeleka hospitali? Yeye alijibu machache. Kikohozi kimepona, alisema. Nikamwambia angalau hilo ni jema.

Penye reli kulikuwa na vijana wameweka mawe. Mapanga wameyashika waziwazi. Hapo niliogopa, nakuambia kweli, kwa sababu nilijua swali la kwanza lingekuwa naenda wapi, na la pili lingekuwa jina langu la mwisho, na jina langu ni la Kitui, na sikujua siku hiyo Kitui ilikuwa upande gani. Mmoja alinikaribia, macho mekundu.

"Madhe, unaenda wapi? Huku kumeharibika."

"Naenda kuchukua mtoto."

Akanitazama miguuni, akaona viatu vya kazi. Nikajua nimekwisha. Kisha mwingine kutoka nyuma akasema, "Huyo mwachilieni. Ni afande wa jela ya wamama. Mathangu alikuwa kwake. Alimpelekea dawa."

Kumbe mamake aliwahi kuwa mfungwa wangu. Wakafungua njia. Yule aliyenitetea akanisindikiza hatua kadhaa, kwa heshima kabisa, kisha akaniuliza polepole, "Lakini madhe, uko sawa? Mbona unabonga pekee yako?"

Mimi, kuongea peke yangu? Nikadhani amevuta bangi. Nikamwambia aache bangi. Nikageuka kumwambia Auma unasikia huyu, naye alikuwa ameshavuka reli, ananingoja upande wa pili na mtungi wake.

Mashimoni palikuwa kimya. Wewe kama unaijua Kibera unajua kimya si kitu cha pale. Hakuna redio, hakuna mtu anayeuza samaki, vibanda vya maji vimefungwa. Auma alinipitisha kwenye vichochoro mpaka kwenye ploti moja ya vyumba vya mabati, akasimama kando ya mlango wa mwisho. Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya kutoka nje. Akasimama tu, bega karibu na ukuta, akiutazama mlango.

Nilingoja afungue. Hakufungua. Hapo kwa kweli nilicheka, katikati ya hatari yote ile. Nikamwambia, "Auma, hata nyumba yako unangoja nikufungulie?" Akatabasamu kidogo, ile haya yake ya siku ya lango. Nikausokota ule waya mwenyewe nikafungua. Nilidhani ni mazoea ya jela. Nilikuwa na jibu tayari, unaona? Mtu mwenye jibu tayari haulizi.

Ndani kulikuwa na giza na joto. Kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa, na sahani ya ugali uliokauka sakafuni, haujaguswa. Nikaita kwa upole, Akoth, Akoth, ni mimi. Kimya. Nikapiga magoti nikachungulia chini ya kitanda. Alikuwa huko mwisho kabisa, amejibana kwenye kona, macho wazi. Nikanyoosha mkono akajivuta zaidi. Nikamwimbia. Nikamwahidi sukari. Nikamwambia mama yuko hapo mlangoni. Hakutikisika, na alikuwa akipumua kwa kasi kama kifaranga.

Nikageuka kumtazama Auma anisaidie. Alikuwa amesimama mlangoni, mwangaza nyuma yake, ananitazama mimi wala si mtoto. Ananingoja. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuja kunichukua mimi na si mtu mwingine yeyote. Sikutaka kufanya hivyo. Mtoto mwenye hofu kiasi hicho humsemeshi kwa sauti ya kazini. Lakini nilisimama wima, mikono mgongoni, nikaita vile nilivyoita kila asubuhi ya maisha yake.

"Kaba."

Nikasikia mtoto anatambaa. Alitoka na vumbi kichwani, gauni limelowa, akanipita mimi bila kunitazama, akaenda karibu na mlango nyuma yangu, akachuchumaa. Hakuchuchumaa mbele yangu vile ningetegemea. Alichuchumaa kando, kama anayeacha nafasi, akainua mkono wa kulia akabana vidole viwili hewani. Kisha akanitazama kwa makini, akingoja nihesabu, nami sikutazama kingine.

Nilihesabu. Nilisema moja, nikamwokota.

Hapo akaingia mwanamke na bakuli la uji. Mnubi wa makamo, buibui jeusi, alitoka Makina akaolewa huku. Baadaye nilijua anaitwa Mama Hawa na chumba chake ndicho kilichofuata. Alipoona mtoto yuko mikononi mwangu nusura amwage ule uji.

"Wewe ni nani? Huyo ameniuma mkono nikijaribu kumtoa. Amekubali aje?"

Nikamwambia mimi ni afande, mamake amenileta.

"Mamake nani?"

"Auma. Si huyo hapo mlangoni?"

Mama Hawa alikuwa ndiye aliyesimama mlangoni, na nyuma yake kulikuwa na kichochoro na jua. Hakupiga kelele wala hakusema bismillahi. Aliweka bakuli chini taratibu, akaenda chumbani kwake, akarudi na mtungi wa manjano usio na kifuniko. Ulikuwa na tundu ubavuni, dogo, duara, na lingine upande wa pili.

"Auma alianguka kwa foleni ya maji," alisema. "Si jana. Juzi. Risasi ilitoka huko sijui wapi, hata hawakuwa wanampiga yeye. Vijana wakambeba mpaka mochari. Alikuwa amemwambia mtoto asitoke, asifungulie mtu mpaka arudi. Nilifunga na waya, mbwa wasiingie, na nikiingia na chakula hakuli. Nilikuwa nimeshindwa, wallahi."

Nilikuwa nimetembea na mtu huyo. Nilikuwa nimemuuliza habari ya kikohozi.

"Kabla hajakata roho alikuwa anaita madam, madam," Mama Hawa akasema. "Tulidhani ni madam wa shule."

Nikakaa kitandani nikiwa na mtoto. Mama Hawa akamlisha uji kidogo kidogo huku mimi nimemshika, na mtoto akanywa wote. Kisha akasema niondoke, moto umeshika nyumba za chini na jioni haitatusubiri. Yeye mwenyewe alikuwa anaenda kwao Makina na mikeka yake. Kwenye kamba ya nguo kulikuwa na nusu blanketi ya kijivu, ile tunayowapa akina mama jela wabebee watoto. Auma alikuwa ameondoka nayo, na kwa sheria ni wizi. Nikamfunga Akoth mgongoni kwayo.

Njia ya kurudi kazini ilikuwa imezibwa na moto ule. Tukapita Makina na Mama Hawa, tukaagana msikitini, nikatoka upande wa Soko la Toi. Soko halikuwepo tena. Palikuwa na majivu, na watu wameinama wakichagua viatu vilivyoungua, hakuna anayezungumza. Nikavuka barabara ya Ngong na mtoto mgongoni nikashika njia ya Kawangware, sikugeuka nyuma hata mara moja. Naomba uelewe kwamba sikuwa naogopa kumwona. Niliogopa kwamba nikigeuka nisimwone.

Mutua alikuwa nyumbani, mzima, ndevu zimemjaa. Alipofungua mlango akanitazama, akamtazama mtoto, akasema, "Karibuni," wala hakuuliza. Ndiyo maana niliolewa naye.

Lakini alipofunga mlango, Akoth akalia. Tangu tumtoe chini ya kitanda hakuwa ametoa sauti, sasa akalia mpaka akakosa pumzi. Mutua akaufungua atazame kama kuna kitu kimemtisha nje. Mtoto akanyamaza. Mutua akafunga, mtoto akalia. Tulijaribu hivyo mara nyingi mpaka Mutua akaketi chini akasema, basi uwe wazi. Fikiria mwenyewe. Kawangware, usiku ule, majirani wanasukuma makabati nyuma ya milango, na sisi tumeacha wetu wazi na kizuizi tumeweka tofali moja. Akoth akalala papo hapo.

Mimi sikulala. Kundi lilipita kwenye ploti yetu likigonga mlango mmoja baada ya mwingine kwa rungu, likiuliza majina. Likaja mpaka wetu. Niliona vivuli vyao. Mutua alikuwa ameshika nyundo yake ya kazi, jasho linamtoka. Yule wa mbele akasimama kizingitini, akatazama kitu kilichokuwa kati yake na sisi, pale kando ya mlango kwenye ukuta, akashusha rungu.

"Pole, madhe," akasema. "Hatukujua umesimama hapo."

Wakaenda zao. Mimi nilikuwa kitandani, mtoto kifuani. Mutua alisikia vile nilivyosikia, na mpaka leo ukimuuliza atakuambia maneno hayo hayo. Usiniulize kwa nini vijana wa reli hawakumwona na hawa wakamwona. Mimi ni askari jela, si mganga.

Kesho yake nilirudi kazini na mtoto mgongoni. Nilijua nitashtakiwa kwa kuacha zamu. Mkubwa wangu aliniuliza nilikwenda wapi, nikamwambia kila kitu kama ninavyokuambia wewe, pamoja na mtungi. Akauliza kama mtoto amekula. Habari ya zamu hakuigusa tena, na mimi sikumkumbusha.

Barabara zilipofunguka, watu wa Auma walikuja kumchukua wakamzike kwao, huko ziwani. Nyanya yake Akoth alikuwa mzee, amebaki na wajukuu wengine wengi. Tulilia pamoja, mimi na yeye hatuna lugha moja ya kutosha, na akaniambia kwa mkono, kwanza akijigusa yeye, kisha akinigusa mimi, kwamba mtoto akae kwangu. Ofisi ya watoto ikatuzungusha vile ofisi huzungusha, mwishowe ikakubali. Tunampeleka ziwani kila Desemba.

Mlango? Ndiyo, unaulizia mlango. Akoth alianza kukubali tuufunge alipoanza shule, lakini kwa masharti: jioni kabla ya kufunga, mtu aufungue wazi kabisa, asimame kando, na aseme karibu. Tumefanya hivyo miaka yote hii. Wapangaji wapya hutucheka. Wakishazoea hawacheki, kwa sababu kuna jioni nyingine ukisema karibu, kuna kitu kinapita, hewa tu, kama mtu mwembamba anayepita akijibana asikuguse. Halafu nyumba inakuwa na utulivu ambao siwezi kukueleza. Mutua wakati huo husema, bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti, "Auma amefika."

Sasa nikumalizie. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikijisifu, nakiri hilo. Nilikuwa nikisimulia kwamba sauti yangu ndiyo iliyomtoa mtoto chini ya kitanda. Mwaka jana Akoth alikuwa anapanga nguo zake aende chuoni, na ile nusu blanketi ikatoka kwenye sanduku. Akaiweka magotini. Nikaanza kumsimulia tena, nilivyoita kaba, alivyotambaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Mum, sikutoka kwa sababu yako."

Nikamuuliza alitoka kwa sababu gani.

"Ulipoita kaba, mama alichuchumaa. Hapo nyuma yako, mlangoni. Nikaona amechuchumaa, nikaenda mahali pangu."

Akanionyesha. Aliinua mkono wa kulia, akabana vidole viwili, vile vile, akishika upindo wa nguo ambayo mimi sikuiona. Mimi nilikuwa nimehesabu moja, na tulikuwa na wawili.

Basi, nimemaliza. Chai hiyo inakuja, na anayeileta usimuulize maswali, atakuambia akitaka. Lakini nakuonya jambo moja, wewe unayeishi na makufuli yako. Ukimwona mtu amesimama kando ya mlango wako, hagongi wala hafungui, usimfokee na usimuulize jina la mwisho. Huenda mkono wake umesahau. Inuka umfungulie, useme karibu, kisha sogea kando apite.